Nyanya na vitunguu: kutatua milinganyo sawia kwa njia ya kubadilisha

Ikifika Julai na upepo wa Dodoma ukachachamaa, madaftari ya wanafunzi wangu wa tuisheni huwekewa mawe juu yasipeperuke. Tunasomea barazani, huku Nkuhungu. Ubao wetu ni mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi, na hakuna somo lililomaliza chaki pale kama milinganyo sawia, yaani milinganyo miwili yenye herufi mbili zilezile inayotatuliwa kwa pamoja. Wenyewe wanaiita "saimalteniasi", kwa sauti ile ya kutaja ugonjwa. Wanakutana nayo kidato cha kwanza ndani ya aljebra, na wapo wanaofika kidato cha nne bado wanaikwepa.

Njia za kuitatua ni zaidi ya moja. Unaweza kuchora grafu, unaweza kuondoa herufi moja kwa kujumlisha au kutoa mlinganyo mmoja na mwenzake, na unaweza kubadilisha. Nitaeleza ya kubadilisha peke yake. Mimi huanza nayo kwa sababu mwanafunzi anajua kila mstari unasema nini. Ile ya kuondoa ina kasi zaidi, sikatai, lakini nimeona wengi wanaicheza kama karata: ikikubali wanashangilia, ikikataa hawajui wamekosea wapi.

Habari mbili kwa vitu viwili

Jirani yako ametoka soko la Majengo. Kanunua fungu 1 la nyanya na mafungu 4 ya vitunguu, katoa shilingi 3,000. Dada yako naye alipita meza ileile, akachukua mafungu 3 ya nyanya na mafungu 2 ya vitunguu kwa shilingi 4,000. Hakuna hata mmoja anayekumbuka bei ya fungu mojamoja. Unataka kuijua kabla hujatoka nyumbani.

Kwa habari ya jirani peke yake hutafika popote. Nyanya ikiwa 1,400 na vitunguu 400, hesabu yake inakubali. Nyanya ikiwa 600 na vitunguu 600, inakubali pia. Ndiyo maana vitu viwili usivyovijua vinadai habari mbili, tena ziwe habari mbili kweli, si moja iliyosemwa mara mbili. Hilo nitalirudia mbele.

Sasa zipe majina. Herufi n iwe bei ya fungu moja la nyanya, v iwe bei ya fungu moja la vitunguu. Andika hivyo kwa maneno kwenye daftari, usiishie kusema "n ni nyanya". Siyo nyanya. Ni shilingi. Anayeandika "n = nyanya" ndiye baadaye utamkuta anajibu kwamba kuna nyanya elfu moja.

n + 4v = 3000 … (1)
3n + 2v = 4000 … (2)

Namba za pembeni, (1) na (2), si mapambo. Utazihitaji muda si mrefu.

Hatua zenyewe

Hatua ya kwanza: tafuta herufi isiyo na namba mbele yake. Pitisha macho kwenye milinganyo yote miwili kabla ya kuandika chochote. Hapa ni n ya kwenye (1). Ingekuwa ni 3n au 2v ungelazimika kugawanya, na ukigawanya sehemu zinaingia, na sehemu zikiingia makosa nayo yanapiga hodi.

Hatua ya pili: iache herufi hiyo peke yake upande mmoja.

n = 3000 − 4v

Usome mstari huo kwa sauti, kwa Kiswahili: "Bei ya nyanya ni elfu tatu ukitoa mafungu manne ya vitunguu." Bado hujui bei ya nyanya, lakini umepata jina lake la pili. Kuanzia hapa, kila utakapoona n una ruhusa ya kuweka 3000 − 4v mahali pake, na mizani haitacheza, kwa kuwa ni kitu kilekile.

Hatua ya tatu: weka jina hilo jipya kwenye mlinganyo mwingine. Umelitoa kwenye (1), basi lipeleke kwenye (2).

3(3000 − 4v) + 2v = 4000

Ukilirudisha kulekule kwenye (1) utapata 3000 − 4v + 4v = 3000, yaani 3000 = 3000. Si uongo, ila hujajifunza kitu. Umezunguka nyumba ukarudi mlangoni.

Hatua ya nne: fungua mabano, kisha tatua. Imebaki herufi moja tu, na mlinganyo wa herufi moja ulishaujua.

9000 − 12v + 2v = 4000
9000 − 10v = 4000
9000 = 4000 + 10v
5000 = 10v
v = 500

Mstari wa tatu pale, nilipoongeza 10v pande zote mbili ili ile iliyokuwa inatolewa ipotee, ndio uliolipa somo zima jina lake. Neno aljebra limetoka kwenye Kiarabu, al-jabr, alivyoliita al-Khwarizmi aliyeandika Baghdad katika karne ya 9: kurudisha kilichopunguka, kama mtu anavyounga mfupa uliovunjika. Wanafunzi wakilisikia hilo huacha kusema "namba imevuka daraja ikageuka", na mimi hufurahi, maana namba haivuki daraja lolote. Umeongeza kitu kilekile huku na kule, basi.

Hatua ya tano: rudi kwenye jina ulilolitengeneza hatua ya pili uitafute herufi ya kwanza.

n = 3000 − 4(500) = 1000

Hatua ya sita: hakiki kwenye mlinganyo wa (2). Nasema (2) kwa makusudi. Ile n umeipata kutoka (1), kwa hiyo ukiihakiki kwenye (1) itakubali karibu kila mara hata kama v yako ni ya ovyo. Shahidi usimchague kutoka kwa ndugu wa mshtakiwa. 3(1000) + 2(500) = 3000 + 1000 = 4000. Imekaa. Nyanya 1,000, vitunguu 500.

Mabano, mabano, mabano

Makosa mengi ninayosahihisha kwa kalamu nyekundu yanazaliwa hatua ya tatu, na karibu yote ni mabano. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza swali zima kwenye mtihani wa majaribio kwa sababu hiyo, na nilitoka chumbani nikijisifu kwamba lile swali nimelimaliza.

Angalia kinachotokea. Mtu anajua n ni 3000 − 4v, anaona 3n, anaandika haraka:

3 × 3000 − 4v + 2v = 4000

Hiyo 3 imezidisha 3000 ikaiacha 4v. Anaendelea: 9000 − 2v = 4000, kwa hiyo v = 2500. Anarudi kutafuta n: 3000 − 4(2500) = −7000. Yaani ukienda Majengo muuzaji anakufungia nyanya halafu anakupa shilingi elfu saba juu. Jibu la namna hiyo likikutokea kwenye hesabu ya bei, usilipigie mstari. Rudi kwenye mabano.

Kuna ndugu yake mbaya zaidi: alama ya kutoa iliyosimama mbele ya mabano. Chukua hii:

y = 3x − 7
5x − 2y = 4

Mlinganyo wa juu umeshakupa y, kazi ya hatua mbili za kwanza imefanyika. Unaingiza:

5x − 2(3x − 7) = 4
5x − 6x + 14 = 4

Ile 14 ni chanya. Hasi mbili mara hasi saba. Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha pili alibisha nami kwa robo saa nzima kwamba ni −14, "kwa sababu, ticha, kuna kutoa mbele na kutoa ndani, kutoa kumezidi." Nikamwambia akope shilingi 7 kwa kila mmoja wa rafiki zake wawili, halafu nimfutie hayo madeni mawili. Ana nafuu ya ngapi? Akacheka, akafuta. Kutoka hapo: −x + 14 = 4, x = 10, na y = 3(10) − 7 = 23. Hakiki: 50 − 46 = 4.

Kanuni yangu ya barazani: unapoingiza kitu, andika mabano kwanza, matupu, mahali ilipokuwa herufi. Kisha ndani yake mimina ulichonacho. Unaandika 5x − 2(      ) = 4, ndipo unajaza. Inachukua sekunde mbili.

Mzee wa mnadani

Jumamosi moja nilikuwa mnada wa Msalato nikisubiri nyama iive, nikamtegea mzee mmoja aliyekaa jirani yangu fumbo la zamani. "Shikamoo babu. Zizini kuna mbuzi na kuku. Vichwa 30, miguu 84. Mbuzi wangapi?"

"Marahaba. Fanya wote ni kuku," akasema, bila hata kuacha kijiti alichokuwa anachokonolea meno. "Vichwa thelathini, miguu sitini. Iliyobaki ishirini na minne ya nani? Ya mbuzi. Kila mbuzi anakudai miwili ya ziada. Mbuzi kumi na wawili."

Niliandika hesabu ile kwenye karatasi iliyofungiwa chumvi. Acha m iwe idadi ya mbuzi na k idadi ya kuku.

m + k = 30 … (1)
4m + 2k = 84 … (2)

Kutoka (1), k = 30 − m. Ingiza kwenye (2):

4m + 2(30 − m) = 84
4m + 60 − 2m = 84
60 + 2m = 84

Simama hapo uutazame mstari huo wa mwisho. Ile 60 ni ya babu: miguu kama wote wangekuwa kuku. Ile 2m ni miwili ya ziada ya kila mbuzi. 2m = 24, m = 12, k = 18, na miguu ni 48 + 36 = 84. Nilichokuwa nakifundisha kwa chaki miaka yote, mzee alikuwa nacho kichwani. Tofauti ni kwamba njia yake inadai ugundue ujanja mpya kwa kila fumbo, wakati kubadilisha kunakupeleka palepale hata siku ambayo akili imelala.

Namba zikikaa mbele ya kila herufi

Si kila swali litakuachia herufi iliyo huru. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na msimu wa mavuno kreti zinapita barabarani za kila ukubwa. Tuseme kreti kubwa 3 na ndogo 2 zina kilo 95, na kreti kubwa 2 na ndogo 5 zina kilo 100. Herufi a iwe uzito wa kreti kubwa moja, b uzito wa ndogo moja.

3a + 2b = 95 … (1)
2a + 5b = 100 … (2)

Hakuna iliyo peke yake. Chagua yenye namba ndogo, maana utagawanya kwa namba hiyo. Nachukua 2b ya (1):

2b = 95 − 3a
b = (95 − 3a)/2

Kosa la kwanza la hapa ni kugawanya 95 na kuisahau 3a. Mstari wa kugawanya upite chini ya vyote viwili. Sasa ingiza kwenye (2):

2a + 5(95 − 3a)/2 = 100

Ondoa hiyo sehemu mara moja, usiibebe. Zidisha kila kitu kwa 2. Kila kitu, pamoja na ile 100 iliyokaa kimya upande wa kulia kama haimo:

4a + 5(95 − 3a) = 200
4a + 475 − 15a = 200
475 − 11a = 200
275 = 11a
a = 25

Na b = (95 − 75)/2 = 10. Hakiki kwenye (2): 50 + 50 = 100. Aliyeiacha 100 bila kuizidisha angepata 11a = 375, na 375 haigawanyiki kwa 11 bila kubaki. Desimali ndefu si ushahidi kamili kwamba umekosea, lakini kwenye hesabu za darasani ni harufu ya moshi: nenda ukaangalie jiko.

Nakiri, kwenye milinganyo kama hii miwili njia ya kuondoa ina raha zaidi. Ukiruhusiwa kuchagua, itumie. Swali likikuamuru ubadilishe, badilisha. Msahihishaji anatafuta njia aliyoitaja.

Inapokuwa rahisi kuliko unavyodhani

Wakati mwingine milinganyo yote miwili imeshaacha herufi ileile peke yake. Tuseme bodaboda anatoza 1,000 ya kuanzia na 500 kwa kila kilomita, na bajaji 2,000 ya kuanzia na 300 kwa kila kilomita. Ni umbali gani nauli zinalingana?

y = 1000 + 500x
y = 2000 + 300x

Kilicho sawa na y hapa, na kilicho sawa na y pale, vinalingana vyenyewe: 1000 + 500x = 2000 + 300x. Hivyo 200x = 1000, x = 5, na nauli ni 3,500. Chini ya kilomita tano panda bodaboda, zaidi ya hapo bajaji inakufaa, kama ni bei tu unayoiangalia.

Ukiichora hesabu hii utapata mistari miwili inayokatana mahali pamoja, kama barabara mbili zinavyokatana kwenye njia panda. Jibu lako ni ile njia panda.

Herufi zote zikipotea

Hapa ndipo watoto hutazamana. Unafanya kila kitu sawasawa, unafungua mabano, na herufi zote zinatoweka.

Mgahawani, mteja wa kwanza: chai 2 na chapati 2, shilingi 2,000. Mteja wa pili: chai 3 na chapati 3, shilingi 3,000. Bei ya chai iwe c, ya chapati p. Mlinganyo wa kwanza ukiugawanya kwa 2 unasema c + p = 1000, yaani c = 1000 − p. Ingiza kwenye 3c + 3p = 3000:

3(1000 − p) + 3p = 3000
3000 = 3000

Hujakosea. Mteja wa pili hakusema lolote ambalo wa kwanza hakulisema: chai na chapati kwa pamoja ni elfu moja. Chai inaweza kuwa 500, au 400, au 700, na chapati ikajaza pengo. Majibu hayana idadi, na kwenye grafu ni mstari mmoja uliochorwa mara mbili.

Sasa mteja wa pili angetozwa 3,500? Ungeishia na 3000 = 3500, ambayo ni uongo mtupu. Maana yake hakuna bei ya chai na chapati inayoweza kuwatosheleza wote wawili. Mmoja wao kapigwa, au kahesabiwa vibaya. Kwenye grafu ni mistari sambamba, kama njia mbili za reli, haikutani hata ukiifuata hadi Kigoma. Andika "hakuna jibu". Mwanafunzi anayeandika "nimeshindwa" anapoteza alama ambazo tayari alikuwa amezishika.

Mazoezi

Funika majibu kwa kiganja.

La kwanza. Lori limetoka Kibaigwa na magunia 50, mengine ya alizeti, mengine ya mahindi. Tuseme gunia la alizeti ni kilo 65 na la mahindi kilo 100. Mzigo wote ni kilo 4,300. Magunia ya alizeti ni mangapi?

La pili. Baba ana umri mara tatu ya mwanawe. Baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Kila mmoja ana miaka mingapi sasa? Herufi b iwe umri wa baba, m umri wa mtoto. Angalia unavyouandika mlinganyo wa kwanza: mkubwa ni baba, kwa hiyo ni mtoto anayezidishwa ili amfikie, b = 3m, si 3b = m. Na baada ya miaka 12 wote wawili wamezeeka, si baba peke yake.

La tatu. 4x − 3y = 1 na 2x + 5y = 33. Tumia 2x, uone jinsi ile sehemu inavyojifia yenyewe ukiingiza kwenye 4x.

Majibu: alizeti 20 na mahindi 30; mtoto miaka 12 na baba 36; x = 4, y = 5. Ukipata x hasi kwenye la tatu, rudi kwenye −3y. Umeigeuza njiani.